Damu ya Mwezi Inapozidi: Jambo la Mume na Mke



Somo la mwezi huu linahusu hedhi. Najua wapo akina baba ambao wakiliona neno hilo watataka kugeuza ukurasa upesi, wakisema hayo ni mambo ya akina mama. Nawasihi wasigeuze. Katika nyumba zetu yuko mama ambaye kwa siku saba au tisa za kila mwezi anapambana peke yake chooni na kwenye beseni, huku mume wake analala kando yake bila kujua lolote. Sizungumzii hedhi ya kawaida. Nazungumzia damu nyingi kupita kiasi, ile inayolowesha shuka, inayomfanya mama asiketi kwenye benchi la kanisa kwa kuogopa kusimama.

Nitaeleza jinsi vitambaa vya kufua na kikombe cha hedhi vinavyoweza kumsaidia mama kama huyo. Nitaeleza pia mahali msaada huo unapoishia, kwa maana kitambaa huzuia doa kwenye rinda, lakini hakizuii damu kupungua mwilini.

Kiasi gani ni kingi?

Hedhi ya kawaida huchukua siku mbili hadi saba, na damu yote inayotoka ni kama mililita 30 hadi 40, yaani vijiko vya chai sita hadi nane. Kwa macho huonekana nyingi zaidi, kwa sababu damu kidogo huenea sana kwenye nguo. Kwa muda mrefu madaktari walisema kwamba ikipita mililita 80, yaani vijiko kumi na sita, imezidi. Siku hizi hawangoji kipimo hicho. Wanamwuliza mama kama damu yake inamzuia kufanya kazi, kulala, kusafiri au kwenda Misa. Ikiwa inamzuia, imezidi, na inastahili matibabu.

Ziko ishara ambazo hata mume anaweza kuziona akifungua macho. Mama analowesha sodo kwa saa moja, tena na tena. Anavaa mbili kwa pamoja, au sodo na kitambaa juu yake. Anaamka usiku kubadilisha. Anatokwa na mabonge makubwa kuliko sarafu ya shilingi 20. Siku zake zinapita saba. Anatandika leso iliyokunjwa kitandani kabla ya kulala, na asubuhi huwa wa kwanza kuamka ili aiondoe kabla hujaiona.

Wengi hawajui kwamba hali hii ina dawa kwa sababu hawana wa kujilinganisha naye. Binti alimwona mama yake akiwa hivyo, na shangazi hivyo, akakua akiamini kwamba ndivyo wanawake wa ukoo wao walivyo. Huenda ndivyo walivyo kweli, kwa kuwa yako magonjwa ya damu kutoganda ambayo hurithiwa. Lakini ugonjwa wa kurithi nao hutibiwa. Wengine huambiwa kwamba ni damu chafu inayojisafisha, basi heri itoke yote. Hilo si kweli hata kidogo. Damu ya hedhi si chafu, na inayotoka kupita kiasi ni ile ile ambayo mwili ungeitumia kubeba hewa kutoka mapafuni.

“Mke wangu amekuwa mvivu”

Mume mmoja alinijia baada ya Misa akiwa amekasirika. Alisema mke wake amekuwa mvivu. Anaketi katikati ya shamba kabla ya saa nne, akipanda kilima anahema kama ajuza, na usiku anageukia ukutani. Tena anachukua pesa za nyumba na kununua odowa, yale mawe laini yanayouzwa sokoni, akayatafuna kutwa kama mjamzito, na mimba hana. Yule bwana alikuwa amefikia kusema kwamba mke wake ana mtu mwingine.

Nilimwuliza swali moja: mama huenda mwezini siku ngapi? Hakujua. Walikuwa na miaka kumi na minne ya ndoa na watoto wanne, naye hakujua. Alikwenda nyumbani akamwuliza, nadhani kwa mara ya kwanza, na mama akalia. Zilikuwa siku tisa, kila mwezi, kwa miaka mitatu. Alikuwa akitumia vipande vya blanketi kuukuu, anavifua usiku watoto wakiwa wamelala, na kuvikausha chini ya godoro upande wake wa kitanda.

Walipofika hospitali, kipimo cha damu kilisoma 6. Mwanamke ambaye si mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Aliongezwa damu siku hiyo hiyo, na skani ikaonyesha uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Basi ule uvivu ulikuwa upungufu wa damu. Kule kutafuna mawe, udongo au barafu mara nyingi huwa ishara ya mwili uliokosa madini ya chuma. Na kule kugeukia ukutani kulikuwa uchovu na aibu. Mtu mwingine hakuwepo.

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini tuwe wa haki: mama huyu alificha kwa sababu nyumba yake haikuwa na mahali pa kulisema jambo hilo. Mume ambaye kila mara hukunja uso akisikia neno “hedhi” amekwisha kumfundisha mke wake kunyamaza.

Mwanamke wa Injili

Someni pamoja Injili ya Marko, sura ya 5, aya ya 25 hadi 34. Ni habari ya mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka kumi na miwili. Marko hakuona haya kutaja hata pesa: anasema mama huyo alikuwa amemaliza mali yake yote kwa matabibu, na hali ikazidi kuwa mbaya. Ukisoma sura ya 15 ya Kitabu cha Walawi utaelewa kwa nini alikuja kwa nyuma, katikati ya umati. Kwa sheria ile, kila alichokalia na kila alichokilalia kilihesabiwa kuwa najisi. Bwana hakumkemea kwa kumgusa. Alimpa nafasi ya kusema habari yake yote mbele ya watu, akamwita binti, akamwacha aende kwa amani.

Sisi hatufungwi na sheria ile ya unajisi. Mama aliye katika siku zake anaingia kanisani, anasoma somo, anaimba kwaya na kupokea Komunyo. Jambo hili si geni. Mnamo mwaka 601 Agustino wa Kantaberi alimwuliza Papa Gregori Mkuu swali hilo hilo, na jibu ambalo Mtakatifu Beda ametuhifadhia ni kwamba asizuiwe. Nalisema kwa sababu bado nasikia akina mama wakijizuia wenyewe, na wengine wakizuiwa na mama wakwe.

Juu ya kukutana kimwili siku hizo, Kanisa halina sheria inayowakataza wenzi. Lakini mama aliyeishiwa nguvu asilazimishwe. Mtume Paulo anawaagiza waume wawapende wake zao kama miili yao wenyewe, na hakuna mume anayeulazimisha mwili wake kulima ukiwa na malaria.

Vitambaa vya kufua

Tuanze na hesabu, maana nyumba nyingi hugombana hapo. Pakiti ya sodo za kutupa mara nyingi huwa na nane. Mama anayebadilisha mara nane kwa siku, kwa siku saba, anatumia sodo 56, yaani pakiti saba. Kwa miezi kumi na miwili ni pakiti 84. Baba, zidisha hiyo kwa bei ya duka la kwenu kabla ya kuuliza pesa za sukari zimekwenda wapi. Serikali yetu iliondoa kodi ya VAT kwenye sodo mwaka 2004, na sheria ya mwaka 2017 inataka wasichana wa shule wapewe sodo bila malipo. Mama wa watoto wanne hayumo katika sheria hiyo.

Sodo ya kufua ni tofauti na kipande cha blanketi. Kipande hulowa, huhama kutoka mahali pake na kumchubua mama mapajani. Sodo ya kufua hushonwa ikiwa na mabawa yenye vifungo vya kubana, ili ishike kwenye chupi. Zinauzwa tayari, lakini fundi wa cherehani aliye makini anaweza kuzishona akipewa mfano mmoja. Upande unaogusa mwili uwe pamba laini au flaneli. Katikati kuwe na tabaka za kunyonya: taulo la pamba lililokunjwa mara nne hufaa, na kwa damu nyingi ziongezwe mbili. Chini kuwe na kitambaa kisichopitisha maji upesi, na hata kitambaa cha mwavuli uliovunjika hufanya kazi hiyo. Usimruhusu fundi atumie karatasi ya nailoni ngumu, kwa maana humfanya mama atokwe na jasho na kuwashwa. Za mchana ziwe za urefu wa kawaida. Za usiku ziwe ndefu, zaidi ya sentimita 30, na pana upande wa nyuma, kwa kuwa mtu akilala damu hukimbilia huko.

Mama mwenye hedhi ya kawaida anaweza kutosheka na sita au nane. Mwenye damu nyingi asidanganywe na hesabu hiyo. Anahitaji kumi na mbili hadi kumi na tano, pamoja na za usiku, la sivyo siku ya pili atajikuta hana kavu. Kama fedha ni kidogo, aanze na nne za usiku. Usingizi mzuri ni mwanzo mwema, na pakiti za kutupa zitapungua polepole.

Akisafiri, aliyoivua ataiweka wapi? Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017. Fundi amshonee kifuko kidogo chenye kitambaa cha mwavuli ndani, cha kufungwa kwa zipu au kamba. Humo sodo itakaa mpaka afike nyumbani.

Maji, sabuni na kamba ya nguo

Hapa ndipo mpango mzuri huharibikia, na hapa ndipo mume anaweza kusaidia zaidi kuliko kwa maneno.

Kitambaa chenye damu huanza kwa maji baridi. Maji ya moto huipika damu ndani ya nyuzi, na doa halitoki tena. Kisuuzwe mpaka maji yaanze kuwa meupe, kifuliwe kwa sabuni ya kipande au ya unga, kisuuzwe tena mpaka povu liishe. Kisilowekwe siku nzima kwenye ndoo, maana maji yale huoza. Dawa za kung’arisha nguo huzila nyuzi, na zile za kulainisha nguo huziba kitambaa kisinyonye. Doa lililobaki baada ya kufua vizuri si uchafu.

Sasa hesabu maji. Kufua na kusuuza vitambaa vinane kila siku kunaweza kumaliza mtungi mzima wa lita 20 au zaidi. Mahali ambapo mtungi hununuliwa, au huchotwa mtoni umbali wa saa moja, mama mwenye upungufu wa damu ndiye anayeubeba. Baba, kama una baiskeli au punda, siku hizo za mwezi maji ni kazi yako. Hilo halihitaji mkutano wa wazee.

Tena kuna kukausha. Kitambaa kinachokaushwa chini ya godoro, nyuma ya kabati au ndani ya sufuria hakikauki sawasawa; hubaki na unyevu, hutoa harufu, na mama huanza kuwashwa na kupata vipele. Kinahitaji jua na upepo mpaka kikauke kabisa. Wenye kuishi kwenye ploti za mjini watasema kamba ni moja na majirani ni ishirini. Ni kweli. Basi baba afunge kamba yake, ndani ya uzio au karibu na dirisha linalopata jua la asubuhi, na mama akitaka atandaze leso nyepesi juu. Sodo za rangi za maua zikiwa kambani hufanana na vitambaa vya watoto, mgeni hatambui. Wakati wa masika, kitambaa kikikataa kukauka, kipigwe pasi ya moto pande zote mbili. Nyumba isiyo na maji, wala jua, wala mahali pa kuanika, ni afadhali itumie sodo za kutupa mpaka mambo hayo yapatikane. Kitambaa chenye unyevu si akiba.

Kikombe cha hedhi

Kikombe cha hedhi ni kidogo, laini, cha mpira wa silikoni, nacho huwekwa ndani ya uke kukinga damu. Nchini kwetu kinafahamika: huko Siaya watafiti waliwapa wasichana wa shule vikombe hivyo na kufuatilia usalama wao, na matokeo yalichapishwa. Mwaka 2019 wataalamu walikusanya tafiti 43 kutoka nchi mbalimbali, zenye wanawake na wasichana wapatao 3,300, wakaona kwamba kikombe ni salama na kwamba hakivuji kuliko sodo. Chaweza kutumika hadi miaka kumi.

Kwa mama mwenye damu nyingi faida yake ni kwamba vingi huchukua mililita 20 hadi 35, tena hakihitaji kamba wala jua. Kwa kawaida huweza kukaa mpaka saa kumi na mbili, lakini siku za damu nyingi atakimwaga kila baada ya saa tatu au nne, na avae kitambaa chembamba kwa tahadhari. Anaosha mikono kwa sabuni kwanza, anakikunja, anakiingiza. Akitaka kukitoa asivute mkia wake tu. Abane kitako chake kwanza ili hewa iingie. Kati ya kumwaga na kurudisha akisuuze kwa maji safi. Hedhi ikiisha kichemshwe katika sufuria yake maalumu, kisigusane na chini ya sufuria, kisha kihifadhiwe kwenye mfuko wa kitambaa. Mwezi wa kwanza huwa mgumu. Wengi hukata tamaa siku ya pili, na waliovumilia miezi miwili au mitatu mara nyingi hawarudi nyuma.

Aliyejifungua karibuni, mwenye koili, au mwenye mfuko wa uzazi ulioshuka, aulize kwanza hospitalini. Uvimbe nao huweza kufanya kikombe kisikae vizuri. Na mume asianze kunung’unika kwamba kikombe “kitampanua” mke wake. Njia iliyopitisha watoto wanne haitaharibiwa na kitu cha ukubwa wa kikombe cha kahawa.

Chupi za hedhi zinatangazwa sana siku hizi. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima bidhaa 21 kwa damu ya binadamu badala ya maji, na chupi hizo ndizo zilizochukua damu kidogo kuliko zote, kama mililita 2 tu. Ziwe kinga ya nyongeza juu ya kikombe, si tegemeo la mama anayelowesha sodo kwa saa moja.

Hesabu ya kumpelekea daktari

Kikombe kina faida nyingine ambayo wengi hawaitaji: kinapima. Kingi kina alama za mililita ubavuni. Mama mwenye kikombe cha mililita 25 akikijaza zaidi ya mara tatu katika hedhi moja, yuko karibu na ile 80 tuliyoitaja. Kinachotoka si damu tupu, kuna majimaji na ute ndani yake, kwa hiyo hesabu hii haitoi hukumu ya ugonjwa. Lakini daktari akisikia “mara kumi na moja, mabonge siku ya pili na ya tatu,” ana jambo la kushika, kuliko akisikia “damu nyingi.” Mwenye vitambaa naye aweza kuhesabu: vingapi kwa siku, na vilivyolowa hadi chini ni vingapi.

Huko aombe kipimo cha wingi wa damu, na aulize kama anahitaji skani. Sababu zinaweza kuwa uvimbe, nyama iliyoota ndani ya mfuko, tezi ya shingo, damu isiyoganda, mimba iliyoharibika, au umri wa kukaribia kukoma hedhi. Koili ya shaba pia huongeza damu. Mama aliyewekewa, hata kama hakumwambia mumewe, amwambie daktari ukweli siku hiyo. Ya dhamiri atayapeleka kwa padre. Damu inayotoka kati ya hedhi, baada ya kukutana na mume, au baada ya hedhi kukoma kabisa, isingojewe, kwa maana saratani nayo huanza hivyo. Na akilowesha sodo mbili kwa saa kwa zaidi ya saa mbili, au akizimia, au akiwa mjamzito, apelekwe mara moja hata kama ni usiku.

Daktari anaweza kumpa vidonge vya madini ya chuma. Vitafanya choo kiwe cheusi, asiogope. Wenye selimundu wasivimeze kabla ya kupimwa. Ziko pia dawa za kupunguza damu zinazomezwa siku za hedhi tu, kama asidi ya traneksamiki. Ibuprofeni nayo hupunguza, lakini mwenye vidonda vya tumbo asiitumie bila ushauri. Na asipirini aiepuke, huzidisha damu. Mezani apate maini, nyama, omena, maharagwe, terere, pamoja na chungwa au limau. Chai anywe saa moja au mbili mbali na chakula, kwa sababu huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Najua nawagusa Wakenya pabaya hapo. Na maini yakipikwa, bakuli la kwanza lisiende kwa baba kwa desturi tu.

Dawa za homoni na dhamiri yetu

Hapa ndipo Wakatoliki wengi wanapata wasiwasi. Mama anaandikiwa vidonge vya homoni kupunguza damu, anafika nyumbani, anaona ni vile vile vya kuzuia mimba, anavitupa na kuendelea kutokwa na damu akidhani anamtii Mungu. Papa Paulo VI alilieleza jambo hili katika waraka wake Humanae Vitae wa mwaka 1968, namba 15. Matibabu yanayohitajika kuponya ugonjwa wa mwili hayakatazwi, hata kama yataleta kizuizi cha mimba kinachotazamiwa, mradi kizuizi hicho kisiwe ndicho kinachokusudiwa. Ndivyo ilivyo pia kwa mfuko wa uzazi unaotolewa kwa sababu ni mgonjwa na hakuna njia nyepesi iliyobaki. Wenzi wamwulize daktari waziwazi kama ziko dawa nyingine za kujaribu kwanza, na wakibaki na shaka wazungumze na padre. Lakini wasiache matibabu kwa uvumi.

Wanaofuata njia ya Billings tayari wana chati, na siku za damu wanaziwekea alama nyekundu. Wakumbuke kwamba damu ya kati ya hedhi huficha ute, kwa hiyo siku hizo wasizihesabu kuwa kavu. Wamwone mwalimu wao wa njia hiyo.

Kazi ya mwezi huu

Chukueni kalenda ya parokia ya mwaka uliopita au karatasi ya daftari, muibandike ndani ya mlango wa kabati, si sebuleni. Mama aandike siku damu ilipoanza, alibadilisha au kumwaga mara ngapi, na kama kulikuwa na mabonge. Baba aandike mitungi ya maji aliyoleta. Jioni ya siku ya tatu muisome karatasi hiyo pamoja, kisha msome ile Injili ya Marko, na baba amwulize mke wake maswali mawili: siku ipi huwa mbaya kuliko zote, na mimi huwa wapi siku hiyo? Baada ya miezi miwili karatasi iende hospitalini pamoja nanyi wawili. Lakini mama ambaye tayari anahema akipanda ngazi, au anayetafuna odowa, asingoje miezi miwili. Kipimo cha damu huchukua dakika chache, aende wiki hii.